Maswali na majibu: hita ya gereji isiyomaliza mshahara

Tangu theluji ya kwanza idondoke meseji zenu karibu zote ni za hita, hita gani ya bei poa niweke gereji nifanye kazi zangu. Kwa mlioko nyumbani msichanganyikiwe, gereji ya huku Marekani siyo kama zile za Gerezani au Grogan, ni chumba cha kuwekea gari kilichoshikana na nyumba, sasa sisi wenye ufundi gari tunaliacha nje limwagikiwe na theluji, ndani tunapanga misumeno. Mimi niko Minnesota, nachonga viti na meza kwenye gereji ya gari mbili, na makosa mengi mnayotaka kuyafanya mimi nimeshayafanya, kwaiyo naongea kwa uchungu.

Shikamoo fundi. Dukani nimeona hita ya umeme ya dola 30 na nyingine dola 140, zote zimeandikwa wati 1,500. Ipi itapasha gereji ya gari mbili? (Kijana wa Fargo)

Marahaba mdogo wangu. Kama ni lazima uchague kati ya hizo chukua ya 30, joto ni lilelile. Wati 1,500 ni wati 1,500, iwe imekuja na rimoti na moto wa uongo kwenye kioo au ni kiboksi cha bati chenye feni, zote zinatoa BTU (kipimo cha joto) kama 5,100 kwa saa, hiyo 110 ya juu unalipia sura tu. Ila ukweli ni kwamba hakuna hata moja itakayoiweza kazi yako. Piga hesabu hivi: urefu mara upana mara kimo kwa futi, zidisha na digrii za Farenhaiti unazotaka kupandisha, alafu zidisha 0.133. Gereji ya futi 20 kwa 20 yenye dari ya futi 8, nje digrii 10 na wewe unataka 50 tu ya kuweza kushika nyundo, inakuja BTU 17,000 hivi. Hita yako haifikishi hata theluthi. Itawaka kutwa nzima na pumzi yako bado utaiona inatoka kama moshi.

Na usiseme basi nanunua tatu. Soketi za kawaida huku ni volti 120, laini ya breka (ile swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampia 15 hita moja tu inaimaliza, yenyewe inavuta ampia 12.5, ukiwasha kompresa hapohapo breka inakata. Gereji yangu ilikuwa laini moja, taa na soketi zote humo. Siku moja napitisha ubao kwenye msumeno wa meza, hita iko nyuma yangu imewaka, pap, giza. Na msumeno haukusimama hapohapo, ile bledi inaendelea kuzunguka yenyewe gizani naisikia inavuma na mkono wangu uko palepale, sijui nilisimama muda gani bila kupumua. Kesho yake nikaita fundi umeme.

Kabla hujanunua chochote lakini, washa kijiti cha udi. Sicheki. Subiri siku ya upepo, zima feni zote, pitisha udi taratibu kando ya geti la gereji, pembeni, chini, kwenye kona, uone moshi unapokimbia. Kwangu chini ya geti mpira ulikuwa umekauka umepasuka, mwanga unaonekana unene wa kidole kwa upana wote wa geti. Hiyo ni kama kuacha dirisha wazi alafu unalalamika hita mbovu. Mpira mpya wa chini, mpira wa pembeni, na zile bodi za povu za kubandika kwenye paneli za geti (chukua zile zilizoandikwa zinaruhusiwa kukaa wazi, povu tupu ukiliacha bila kufunikwa likishika moto ni balaa), vyote hivyo vinaweza kugharimu kama bei ya hita moja nzuri na joto lake hulilipii kila mwezi.

Kaka, jirani kaniambia ninunue ya volti 240 nichomeke kwenye soketi ya draya, ile mashine ya kukaushia nguo. Ni sawa? (Msomaji wa Columbus)

Jirani yako nusu yuko sahihi. Hita ya volti 240 ya wati 5,000 inatoa BTU 17,000, yaani ndo ileile hesabu niliyoipiga pale juu, na bei yake ni dola mia na kitu, ndo maana mimi ndo naipendekeza kwa wengi. Inavuta karibu ampia 21 kwaiyo inataka breka ya 30 na waya wa shaba wa geji 10, laini yake peke yake isishirikiane na kitu. Soketi ya draya nyingi ni za 30 lakini plagi ya hita mara nyingi haiingii pale, na hapo ndo watu wanaanza kukata plagi na kuunga wanavyojua wao. Usiunge. Na usipitishe ekstensheni kutoka chumba cha kufulia mpaka gereji, ile waya inachemka chini ya kapeti wewe hujui. Mlipe fundi umeme mwenye leseni avute laini mpya, chukua na kibali cha mji, siku nyumba ikiungua watu wa bima watauliza hicho kibali kabla hawajakupa pole.

Ya wati 7,500 usiirukie, hiyo inataka breka ya 40 na waya mnene zaidi, na nyumba za zamani boksi la breka lenyewe halina nafasi.

Sasa fundi, kwani shida iko wapi na mtungi wa gesi? Kuna hita unafunga juu ya mtungi moja kwa moja, ni dola kidogo na inawaka moto kweli. Stima ya huku ni ghali. (Mkenya wa Sioux Falls)

Poa ndugu. Nilianza na hiyohiyo. Inawaka kweli, dakika kumi unavua koti. Sasa sikiliza.

Kwanza hela. Galoni moja ya propeni, ndo gesi ya hiyo mitungi, ina BTU 91,500, sawa na yuniti 27 za umeme. Kama umeme wako ni senti 15 kwa yuniti, joto hilohilo kwa umeme ni dola 4. Mtungi wa kubadilisha pale sheli unaitwa wa paundi 20 lakini mara nyingi wanakujazia 15, hiyo ni galoni tatu na nusu, ukilipa dola 22 galoni imekugharimu zaidi ya dola 6. Yaani umekimbia umeme kwa sababu ni ghali ukaangukia kitu ghali zaidi, tofauti ni kwamba bili ya gesi unailipa kidogo kidogo haikuumi macho. Ukijaza kwenye tenki kubwa bei inashuka, hapo tunaweza kuongea, ila kwa vimitungi vya sheli hapana.

Pili maji. Hii hakuna mtu aliniambia. Propeni ikiungua inatoa mvuke, kilo 9 za mtungi uliojaa zinatoa karibu lita 15 za maji, na hita isiyo na bomba la kutoa nje inayamwaga yote hewani humohumo ndani. Unazima unaenda kulala, gereji inapoa, yale maji yanatafuta chuma cha baridi yakae. Asubuhi moja nimeingia nikakuta meza ya msumeno wangu, chuma nilichokuwa nakipaka nta kila mwezi, imekuwa rangi ya chungwa. Siyo vidoa, yote. Randa zangu za mkono mbili nazo hivyohivyo, na moja ni ya marehemu mzee wangu nimekuja nayo kwenye sanduku kutoka Moshi. Nilikaa Jumapili nzima na msasa na mafuta.

Tatu ndo kubwa, kaboni monoksaidi. Haina rangi haina harufu, unasikia kichwa kizito unasema uchovu, unakaa chini upumzike, na hapo ndo basi. Hita zilizotengenezwa kwa matumizi ya ndani zina sensa inayozima oksijeni ikishuka, zile za kufunga juu ya mtungi na zile za kuvuma kama injini ya ndege nyingi hazina, zilitengenezwa kwa saiti za ujenzi zilizo wazi. Ukilazimika kutumia gesi isiyo na bomba, fungua dirisha na uinue geti kidogo (na nusu ya joto ndo linatokea hapo), weka alamu ya kaboni monoksaidi gereji na nyingine ndani karibu na vyumba vya kulala, na mtungi ukimaliza kazi utoke nje ukalale nje. Kwa kazi ya nusu saa, kubadilisha breki za gari, sina neno. Kwa karakana ya kila siku hapana.

Jambo baba. Niko Dayton, natumikaka kazi ya kushona mu gereji ya nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hapendi mtu aguse mambo ya umeme. Miguu inakufa na baridi. (Mama wa Bukavu)

Jambo mama, pole sana na hongera kwa kazi. Wewe habari njema, hauna haja ya kupasha gereji, pasha mama tu. Unakaa sehemu moja mbele ya mashini, basi tafuta hita ya miale, ile inayopiga joto kwenye mwili kama jua la asubuhi bila kuhangaika na hewa, soketi ya kawaida inaitosha, ichomeke moja kwa moja ukutani. Iwe nyuma yako au juu, futi 3 mbali na vitambaa, na vile vipande vya kitenge vinavyodondoka chini viokote kabla haujaiwasha, siyo baada. Miguu ni ile sementi inayokula joto, tandika kapeti nene au mpira chini ya kiti, na kuna vimkeka vya umeme vya kuweka miguu vinakula umeme kama balbu za zamani tu. Pasi ya moto na hita usiviwashe pamoja kwenye laini moja, hata kama soketi ni tofauti, breka itakata.

Fundi, mimi niko Njombe siyo Marekani, lakini Juni mpaka Agosti huku mikono inaganda kwenye randa. Tunaweka jiko la mkaa ndani ya karakana tunafunga mlango. Kuna njia nyingine ya bei nafuu?

Kaka toa hilo jiko leo. Mkaa uliokolea hauna moshi kwaiyo watu wanajiona salama, kumbe ndo wakati unamwaga ile gesi niliyoisema juu. Usifunge mlango na jiko ndani hata dakika tano.

Wewe una vitu viwili mimi sina. Umeme wa volti 230, soketi ya kawaida inabeba hita ya wati 2,000 bila kuvuta laini ya draya, hesabu tu kwamba inakula yuniti 2 kila saa kwenye luku, na waya za karakana ziwe za maana siyo zile za kuungia taa. Cha pili una maranda na vumbi la mbao bure mlangoni. Jiko la pumba za mbao, pipa la bati unashindilia pumba unaacha tundu katikati, likiwa na mfuniko na bomba la kutoa moshi mpaka juu ya paa, linakupa joto masaa mengi kwa pumba ambazo ungezichoma nje. Bila bomba ni lilelile jiko la mkaa. Vanishi na thina vikae chumba kingine kabisa. Mimi nikiweka jiko la namna hiyo hapa kwangu bima wananikimbia.

Natengeneza magari nyumbani Edmonton, nataka kitu cha kudumu.

Gesi ya bomba, hita ya kuning'iniza darini, kama BTU 45,000, yenye bomba la kutoa moshi nje na ikiwezekana ivute hewa ya kuchomea kutoka nje pia. Darini siyo urembo, mvuke wa petroli ni mzito unatambaa sakafuni, kitu chenye cheche kinatakiwa kiwe angalau inchi 18 juu. Kuifunga ni gharama na ni kazi ya mtu mwenye leseni. Zile AC za inverta zinazopasha nazo nzuri, yuniti moja ya umeme inakupa joto la mbili mpaka tatu, ila baridi ya kwenu Januari inazipunguza nguvu, na geti likifunguliwa kila saa hazifurahii.

Niache hita imewaka usiku ili gundi na rangi zisiharibike?

Hapana dada, usilale na hita imewaka gereji kwa ajili ya chupa ya dola 9. Rangi ya maji ikiganda imekwisha, na gundi ya mbao ina kiwango chake, Titebond III mwisho digrii 47 za Farenhaiti, Titebond II mwisho 55, ukigundisha chini ya hapo inakauka nyeupe kama chaki na haishiki kitu, mimi kiti kimeachia miguu sebuleni mgeni amekalia. Ubao wenyewe pia uwe umepata joto, siyo gundi peke yake. Betri za drili nazo usichaji zikiwa zimeganda. Vyote viweke kwenye ndoo moja, jioni unaingia nayo ndani asubuhi unatoka nayo. Yangu inakaa chini ya sinki la jikoni, mke wangu ameshaichoka hiyo ndoo lakini kiti chake cha kuvalia viatu pale mlangoni kimegundishwa na hiyohiyo.