Barua kwa mwanangu: nchi isiyokuwa na dini

Mwanangu mpendwa,

Unauliza kama ni sahihi kuiita Tanzania nchi isiyokuwa na dini, kama isemavyo Ibara ya 3 ya Katiba, ilhali wimbo wa taifa unamwomba Mungu na Bunge huanza kwa dua. Unasema wenzako huko Lyon, Ufaransa, wanaona tunajipinga.

Wenzako wamelelewa na sheria ya 1905 iliyotenganisha dola na makanisa, na tangu 2004 mwanafunzi wa shule ya serikali huko haruhusiwi kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi, hijabu ikiwemo. Sisi tulilelewa na usemi kwamba serikali haina dini bali watu wake wanazo, na Ibara ya 19 inaiacha ibada iwe hiari ya mtu. Unajua nisemavyo siku zote: asiye na dini ni dola, si mtoto wa mtu.

Kaka yako alipokuwa kidato cha pili, mkuu wa shule yake aliwazuia wanafunzi Waislamu kwenda kuswali Ijumaa, akatamka kwamba serikali haina dini, na Jumapili ileile wenzao wakaruhusiwa kwenda kanisani. Katika kikao cha wazazi marehemu baba yako alishikwa na hasira hata maneno yakamkauka. Aliyesimama ni mjomba wako, katekista, akasema: "Mwalimu, maneno hayo yanakufunga wewe uliyekalia kiti cha serikali, hayawafungi watoto hawa." Mpaka leo nikikumbuka nafurahi, ingawa ile Ijumaa ya kwanza bado inaniuma.

Mkuu yule alijitetea kwamba Ijumaa ni siku ya masomo na Jumapili siyo. Ni kweli, na kila dini ikidai saa yake ratiba itayumba. Lakini nani alilipanga juma hivyo, kama si wakoloni? Hapana, saa moja haiangushi shule. Asiye na dini ni dola, si mtoto wa mtu.

Kuhusu wimbo, ulimi wangu unaelekea kusema hatujipingi, kwa kuwa Mungu anayetajwa mle hakuwekewa msikiti wala kanisa. Hata hivyo yupo Mtanzania asiyeamini kabisa, naye huusimamia wimbo uleule, na huyo sijamsikiliza vya kutosha. Kwa ajili yake nazuia hukumu yangu, tena kwa shida. Muulize mjomba wako, yeye hatasita.

Mama yako