Usimpandishe kidimu kwa kidimu

Mkuu, hayo mayai usiyaingize kwenye mashine ya kutotolea. Umeeleza kwamba una jogoo kidimu na matetea kadhaa vidimu, wote wa manyoya yaliyojikunja, na kwamba baada ya kusoma makala ya wafugaji wa chatu wa Marekani unataka kuwapandisha wao kwa wao ili upate "supa kidimu". Kisha ukauliza tofauti ya jeni tawala, jeni fiche na zile zinazojitokeza pamoja, halafu chakula cha vifaranga na bei ya sokoni. Chakula na bei tuviache kwanza; nitajibu hilo la kupandisha na jeni zake, kwa sababu ndilo lililonimalizia banda.

Kwa chatu, rangi iitwayo Pastel hujitokeza kwa nakala moja tu ya jeni, na nyoka akirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, rangi hukolea zaidi na bei hupanda; huyo ndiye wanayemwita supa. Wafugaji wa huko wamezoea kusema kwamba jeni hizo zinajitokeza pamoja, lakini kwa usahihi huo ni utawala nusu: nakala moja ina matokeo yake, na nakala mbili zina matokeo mengine. Kujitokeza pamoja kwa kweli tunakuona kwa binadamu wa kundi la damu AB, ambaye A yake na B yake zote zinapimika kikamilifu. Jeni fiche ni ile isiyoonekana mpaka mnyama awe na nakala mbili, mfano ualbino wa chatu hao hao. Mengine yamo kwenye vitabu vya kidato cha nne.

Kidimu naye ni wa utawala nusu, na hapo ndipo ulipotegwa. Nakala moja humpa manyoya yale yanayokuvutia, nakala mbili humpa balaa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni ya keratini, protini inayojenga unyoya. Kuku mwenye nakala mbili manyoya yake hujikunja kupita kiasi, hukauka na kukatika.

Mimi niko Ngaramtoni. Vifaranga wangu walianguliwa wazuri tu, lakini manyoya yalipoanza kukomaa, ukipitisha kidole kwenye bawa la baadhi yao kilirudi na vumbi la manyoya yaliyosagika, na mgongo ukawa mtupu kama wa kuku aliyekwisha kunyonyolewa kwa ajili ya sufuria, ila huyu bado anatembea na anadai chakula. Anadai kwelikweli, kwa sababu joto linamtoka mwilini muda wote, moyo unapiga haraka, na anakula kuliko wenzake bila kunenepa. Baridi ya Julai ilipoingia nilinunua mkaa wa kuwapashia joto mpaka mke wangu akaniuliza kama nafuga kuku au nimefungua biashara ya mahindi ya kuchoma. Walikufa usiku, mmoja mmoja, wakiwa wamejibanza karibu na jiko. Wewe uko Machame ya juu, ambako baridi haina mzaha.

Aliyeniuzia mbegu, bwana mmoja aliyejipa utaalamu mwenyewe, alinihakikishia kwamba kidimu kwa kidimu ndiyo mbegu safi. Nilipompigia kumweleza yaliyonipata, akanishauri niwape vitamini. Vitamini! Hiyo mbegu safi aliyoisifia ndiyo iliyokufa, kwa kuwa wenye nakala mbili ndio wale wenye migongo mitupu.

Sasa piga hesabu. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kwa wastani katika kila vifaranga wanne mmoja hupata nakala mbili, wawili hupata moja, na mmoja hapati kitu. Ukipandisha kidimu kwa kuku wa manyoya laini, yaani yasiyojikunja, nusu huwa vidimu na nusu huwa laini. Vidimu wazuri ni nusu kwa njia zote mbili! Tofauti ni kwamba njia yako inageuza robo nzima ya vifaranga kuwa hasara, wakati njia ya pili haikupotezei kifaranga kwa sababu hiyo.

Najua atatokea mtu na mfano wa kishingo. Ni kweli, kishingo mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo kwa kawaida ana nakala moja, mwenye shingo tupu kabisa ana mbili, na wote wawili huishi vizuri, hasa kwenye joto la tambarare. Lakini jeni ya kishingo si jeni ya kidimu. Hata kwa hao chatu unaowasifu, wale wa rangi iitwayo Spider huyumbayumba kichwa wakiwa na nakala moja tu.

Unapomtafutia jogoo wako matetea, chunguza pia walikotoka, maana ipo jeni nyingine fiche inayopunguza mkunjo, kiasi kwamba kidimu anaweza kuonekana karibu laini. Chukua matetea kutoka kundi lisilo na kidimu hata mmoja. Mayai uliyokwisha kukusanya, kaanga.