Jibu: Kumnunulia mama kaburi mapema hapa Uingereza

Habari ndugu. Umeuliza kama mumnunulie mama kaburi mapema huko Leicester au msubiri. Kabla ya hela muulizeni mwenyewe anataka kuzikwa wapi, maana kama moyo wake uko Tanga mtalipia la huku bure.

Akisema huku, pigia kaunsili (halmashauri ya mji) uulize kama wanauza mapema, kuna zingine hazikubali mpaka msiba utokee. Na ujue hununui ardhi, unanunua haki ya kuzikia kwa miaka fulani, kisheria haizidi 100 na nyingi zinatoa pungufu ya hapo, so soma miaka iliyoandikwa. Kuchimba na kuzika mnalipa tena siku yenyewe, kibali cha kuweka jiwe la kaburi nacho hela nyingine, sisi hapo ndo tulishtuka kwa baba mkwe. Asiyeishi eneo lao mara nyingi anatozwa zaidi, kwa hiyo kama mama atahamia kwa dada yako mji mwingine, amueni hilo kwanza.

Mimi ningenunua, hasa kama mzee wenu amelala hapohapo na nafasi ya jirani bado ipo. Hati ya hiyo haki ikiwa na jina la mama peke yake, akifariki jiwe litasubiri mpaka umiliki uhamishwe, ulizeni kama mtoto mmoja anaweza kuandikwa naye.