Changisha Nairobi, Tembea Hadi Namugongo: Kwa Mnaojiunga Mara ya Kwanza

Ndugu na dada mliojiandikisha kutembea mwaka huu hadi Namugongo, Uganda, kwa hija ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, ili kuchangia matibabu ya watoto, karibuni sana. Wengi wenu mmeniuliza kuhusu viatu, na viatu nitavifikia. Naanza na jambo lililo zito zaidi machoni pangu: mchango wote ukusanywe na kufungwa hapa Nairobi kabla hatujapiga hatua ya kwanza. Tukishaondoka, hatuchangishi tena. Hatuchangishi Naivasha, Kericho wala Busia, na hata tukifika uwanjani Namugongo hatumwombi mtu shilingi.

Utaelewa sababu siku ya kwanza utakapolala kwenye parokia ya watu. Utakuta akina mama wa jumuiya wamepika tangu mchana, maji ya moto ya kukanda miguu yako tayari, na mikeka imetandikwa ukumbini. Hawajui jina lako wala kazi yako. Wanakupokea kwa kuwa wewe ni hujaji, na kumpokea hujaji kwao ni sala. Mama kama huyo ukimaliza githeri yake kisha ukamtolea nambari ya Paybill, ile ya kulipia mchango kwa simu, unamtia katika hali ambayo hawezi kukataa. Nimewahi kuona kundi moja likiinua bango la mchango katika misa ya asubuhi, mbele ya watu waliowalaza bure usiku huo. Watu walitoa. Walitoa noti walizokuwa wamezifunga kwenye ncha za leso, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mkulima mdogo wa Ahero hana uwezo wa kumnyima hujaji. Sisi tunaolipwa mishahara Nairobi ndio wa kuombwa, na ni juu yetu kuombana.

Tena njia hii haikuanza na sisi. Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kwa ajili ya imani yao kati ya mwaka 1885 na 1887, enzi za Mwanga II, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Karoli Lwanga, aliyekuwa mkuu wa vijana wahudumu wa kasri, alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kama 14. Walikuwa wametembezwa kutoka Munyonyo wakiwa wamefungwa kamba, kwa hiyo kutembea kwenda Namugongo kulianza na wao wenyewe.

Sisi wa upande huu wa Kenya tuna kisa kinachotuhusu zaidi, nami hupenda kila mgeni akijue kabla ya kuondoka. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana, alitoka pwani na msafara wa wapagazi, akapita nchi ya Wamaasai hadi Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, akaendelea hadi Busoga, mashariki mwa Uganda ya leo. Wakati huo Nairobi haikuwa mji. Reli ilifika hapa mwaka 1899. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa akitumikia kasri, alimkemea Mwanga kwa kumwaga damu ile, naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Mkatoliki alisimama kulalamikia kifo cha Mwanglikana, akalipa kwa uhai wake. Ndiyo maana katika kundi letu hatumwulizi mtu anasali wapi. Mkristo wa kanisa lolote aje, na asiyesali kabisa aje pia, mradi aheshimu sala za wenzake alfajiri.

Sasa fedha. Mkazi wa Nairobi huombwa mchango karibu kila wiki: matanga, bili ya hospitali, harusi, karo. Simu yake imejaa makundi ya WhatsApp ya kamati mbalimbali. Habari kwamba utatembea mpaka Uganda itampendeza, lakini haitamfanya atoe. Atatoa akijua fedha yake inaenda kununua nini. Kwa hiyo usiende kwa watu na maneno ya kusaidia watoto tu. Nenda kwanza kwenye kituo tunachokichangia, keti na msimamizi, akuonyeshe hitaji moja na makadirio ya bei kutoka hospitalini au dukani. Karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba kwenye chama chako, kwenye SACCO, ofisini, kwa shangazi zako. Kiti cha magurudumu kilichoandikwa bei kinaeleweka hata kwa mtu aliyechoka kuombwa.

Fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo kupitia Paybill yao, na mtoaji aandike NAMUGONGO mahali pa nambari ya akaunti. Zisipite kwenye simu yako, wala ya mwenyekiti, wala ya padri, hata akiwa mtu wa Mungu kiasi gani. Ujumbe wa M-Pesa unaomrudia mtoaji uwe na jina la kituo. Muulize mhasibu wao pia ada ya kutuma inakatwa kwa nani, maana kuna akaunti zinazomkata mtoaji na nyingine zinazomkata mpokeaji, na utaulizwa. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja. Mwenye moyo mkubwa kuliko hapo mwelekeze benki.

Ahadi za shilingi kadhaa kwa kila kilomita zinasikika vizuri, ila mimi sizipendi. Mtu anaahidi shilingi 10 kwa kilomita katikati ya vicheko, baadaye anapiga hesabu anaona ni 6,500, na kuanzia siku hiyo hashiki simu yako. Mwombe anachokiweza leo. Mia mbili za watu wengi zimewahi kulipia upasuaji kabla ya elfu kumi za wachache kufika.

Angalia kalenda pia. Januari ni karo. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na majuma hayo mzazi hana sikio la kukusikiliza. Nafasi yetu ni kutoka mwisho wa Februari hadi mapema Aprili, hasa siku za mshahara. Kwaresima nayo huangukia hapo, watu wanapowaza sadaka bila kusukumwa. Tarehe 30 Aprili tunafunga.

Gharama za safari ni za kila mmoja wetu: chakula, viatu, nauli ya kurudi, mafuta ya gari la kusindikiza. Tunaziweka kando kidogo kidogo tangu Septemba, katika mfuko mwingine kabisa. Maji utakayokunywa Gilgil yasinunuliwe na fedha ya mtoto mgonjwa. Mchangiaji akikuuliza ni sehemu gani ya mchango wake inayokwenda kwa watembeaji, uweze kumjibu bila kumeza mate kwamba hakuna.

Picha za watoto usizisambaze. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwepo, mtoto yule atakua, na siku moja ataiona picha yake akiwa mnyonge kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake. Tumia picha zetu sisi tukifanya mazoezi. Na kupitisha mikebe barabarani au stendi ya matatu kunahitaji kibali, kwa hiyo tusijaribu.

Mwili sasa. Kutoka hapa hadi Namugongo ni karibu kilomita 650. Tukitembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku na kupumzika Jumapili, tunahitaji karibu majuma manne, ndiyo maana tunaondoka juma la kwanza la Mei. Mwajiriwa kwa sheria ana siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, na safari hii inaweza kuzila zote, kwa hiyo zungumza na mwajiri mapema na nyumbani mapema zaidi. Asiyeweza apande basi hadi Busia atungojee huko. Kutoka mpakani zinabaki kama kilomita 200, na hija yake haipungui kitu mbele ya mtu yeyote. Ukiwa na mashaka kama miguu itakubali, jaribu kwanza kutembea kutoka Nakuru hadi madhabahu ya Mama Maria kule Subukia, ambako Wakatoliki wa Kenya hukutana kila Oktoba kwa sala ya taifa.

Mazoezi tunaanza Februari. Msitu wa Karura ni pazuri, kuna kivuli na udongo laini, nami namshukuru Wangari Maathai, aliyeutetea usikatwe, kila ninapoingia mle. Lakini Namugongo tunakwenda kwa lami na kokoto za kando, juani. Basi Jumamosi fuata Ngong Road hadi mji wa Ngong ukiwa na mkoba wako mgongoni, na Jumapili baada ya misa utembee tena, hata kama ni kidogo. Hiyo siku ya pili, ukiwa bado na maumivu ya jana, ndiyo inayokufundisha. Milima ya Ngong itakufaa kwa miteremko, maana kushuka ndiko kunakoua kucha.

Viatu visiwe vipya siku ya safari. Soko la Gikomba lina viatu vizuri vya mitumba kwa anayejua kukagua soli. Vijaribu jioni, wakati miguu imevimba, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Paka mafuta ya kujipaka kati ya vidole kabla ya soksi, badilisha soksi mchana. Unapohisi mahali panaanza kuwaka, simama hapohapo ubandike plasta. Usiwaonee aibu wenzako, watakungoja. Lengelenge likishatokea usilichune ngozi. Tuna muuguzi kwenye gari.

Nairobi tumezoea kulala bila chandarua, na hilo hutusahaulisha. Kuanzia Ahero kuendelea, Kisumu, Busia na Uganda yote, malaria ipo, tena Mei ni mvua. Ongea na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka na ubebe chandarua chepesi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, na cheti kikae pamoja na kitambulisho. Kitambulisho cha taifa kinatutosha mpakani tangu mwaka 2014.

Barabarani nitakuwa mkali, mniwie radhi. Tunatembea upande wa kulia ili magari yatujie usoni, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na kizibao cha kung'aa, hakuna anayeziba masikio kwa muziki, hakuna kutembea usiku. Tunaanza kunapopambazuka. Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakiuza au wakingoja magari. Tukipita pale tunasimama kuwaombea, kisha tunaondoka mara moja. Mteremko wa kwenda Mai Mahiu, penye malori na ukingo mwembamba, tunaupita kwa gari. Kila mwaka kuna anayesema hiyo ni kudanganya. Mimi nasema mchango hauhesabiwi kwa hatua, na watoto wetu hawahitaji maiti ya mtu. Chini ya mteremko tutashuka kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, wale waliokuwa wakichimba barabara hiyo. Sala ya kwanza ya safari tunaisalia hapo.

Kericho mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, kwa hiyo tutajitahidi tuwe tumefika kabla ya saa saba.

Namugongo kwenyewe kuna umati ambao hujawahi kuuona. Basilika lile la umbo la nyumba ya Kiganda utaliona kutoka mbali na bado utachukua muda mrefu kulifikia. Tukubaliane mahali pa kukutana kabla ya kuingia, kwa kuwa mtandao wa simu huzidiwa. Tuna Waanglikana kundini, na madhabahu yao haiko mbali, kwa hiyo baada ya misa tutaongozana nao huko. Tiketi za basi la kurudi Nairobi nunueni kabla hata ya kuondoka hapa. Tarehe 4 Juni kila mtu anataka kiti.

Mweka hazina hatembei. Anabaki Nairobi, anafuatana na kituo hadi hospitali ilipwe, na kufikia mwisho wa Juni kila aliyetoa, hata aliyetoa shilingi hamsini, atakuwa ametumiwa taarifa ya akaunti pamoja na nakala ya risiti, jina la mtoto likiwa limefichwa. Tunahitaji mtu wa kazi hiyo mwaka huu. Ukiwa na goti bovu lakini una kichwa cha hesabu na huogopi kumpigia padri simu, jitokeze Jumapili hii baada ya misa ya pili.