Uliza Mwalimu: Igizo moja, kila mwigizaji yuko kwao

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari, Buswelu, hapa Mwanza. Klabu yetu ya maigizo imeandaa igizo la dakika 50 kuhusu uvuvi haramu, lakini shule imefungwa na waigizaji wametawanyika: Igoma, Kirumba, Sengerema, wengine Ukerewe. Mkuu wa shule ameruhusu tuliigize kwa Zoom mwishoni mwa Desemba, wazazi watazame. Zoezi la kwanza jioni lilikuwa vurugu. Kiitikio cha wanakijiji hakikueleweka, wa Ukerewe hawakupatikana, na binti anayecheza Bibi hana simu janja. Tuache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiache. Watoto wameshashika maneno yao, na mwakani baadhi watakuwa wamehama.

Ila igizo lenu liliandikiwa jukwaa, na jukwaa sasa hamna. Chukua kalamu ulibadilishe. Anza na kiitikio. Sauti ikipita mtandaoni huchelewa, na kwa kila mmoja huchelewa kivyake. Wa Kirumba atasikika kabla ya wa Sengerema hata wakitamka pamoja. Tena programu yenyewe hupendelea msemaji mmoja na kuwafifisha wengine. Mkifanya mazoezi hadi usiku wa manane hilo halitaondoka. Kwa hiyo kigawe: mstari mmoja, sauti moja, wapokezane. Kwenye wimbo, mmoja aimbe, wengine wazime vipaza sauti na kuchezesha midomo.

Sasa huyo Bibi. Nakusihi usimpokonye nafasi. Nimeona watoto wakiachwa nje ya klabu kwa kukosa viatu, kwa kukosa nauli. Simu isiwe sababu mpya. Mpigie simu ya kawaida kwenye kitochi cha nyumbani kwao, weka simu yako spika karibu na kompyuta, kisha muandike upya: Bibi yuko kisiwani, anampigia mwanawe kumuuliza kwa nini amerudia kuvuta kokoro, ule wavu haramu. Haonekani, anasikika tu. Ukanda wetu huu kila mtu amewahi kupokea simu ya mzazi namna hiyo, mtandao ukikwaruza katikati ya jambo zito. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo itakuwa sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Kuhusu wa Ukerewe, uliza kwanza simu ni ya nani. Kama ni ya baba anayevua dagaa, siku za giza, mwezi usipoonekana, yuko ziwani usiku na simu anayo. Mazoezi ya jioni yapange wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika nyumbani. Siku za giza fanyeni mchana.

Ule wavu haramu unaokamatwa, kila anayeugusa awe na kipande chake, rangi moja na macho yaleyale. Mvuvi ausukume kuelekea kamera mpaka uzibe picha. Afisa uvuvi naye aanze na picha iliyozibwa, auvute kwake. Msipokezane kulia na kushoto, maana mpangilio wa sura hutofautiana kwenye kila simu. Na anayezungumza atazame tundu la kamera, asitazame sura ya mwenzake.

Desemba ni mvua, na mvua juu ya bati inameza sauti yote. Kila mmoja arekodi mapema sehemu yake, chumbani penye godoro na nguo, simu ikiwa imelazwa kwa upana. Akutumie WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu video ya kawaida hubanwa ikapoteza ubora. Mvua ikishuka au umeme ukikatika siku yenyewe, unaonyesha ile rekodi na igizo linaendelea.

Mkutano wa bure wa Zoom hukatika baada ya dakika 40, hivyo lifupishe lifike 30 ili ubaki na muda wa kukaribisha watu. Pata ridhaa ya wazazi kabla ya kurekodi sura za watoto, na mwombe mkuu wa shule fedha za bando ziwafikie watoto kabla ya zoezi lijalo. Na katika kulifupisha igizo, hotuba ya mwenyekiti wa kijiji ndiyo ya kwanza kukatwa.