Mtutu Hausamehe: Majibu kwa Wanaotaka Kujitengenezea Bunduki

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani wanaotaka kujitengenezea bunduki ya kuwindia au ya kulenga shabaha. Nazijibu kwa sheria za huko. Aliye Uingereza, au Japani, ajue kwamba huko hakuna mlango wa kutengeneza kwanza na kuuliza baadaye.

Shikamoo fundi. Ni kweli mtu anaweza kujitengenezea bunduki bila leseni?

Marahaba. Ni kweli, ila umeshika nusu ya habari. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inadai leseni kwa anayetengeneza silaha kama biashara. Anayejitengenezea kwa matumizi yake hadaiwi leseni hiyo, mradi awe mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha. Aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, au kwa kumpiga mwenza wake, amefungiwa, na kujitengenezea hakumfungulii.

Kisha kuna sheria za majimbo, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. California, tangu 1 Julai 2018, inataka uombe namba ya silaha kwa Idara ya Sheria ya jimbo kabla hujaanza kazi. New Jersey mwaka huohuo wa 2018 ilipiga marufuku kununua vipuri vya kutengenezea bunduki isiyo na namba. Ukihamia jimbo jingine na bunduki yako, unahamia pia kwenye sheria nyingine. Anayekwambia "Marekani inaruhusiwa" akaishia hapo, usimsikilize.

Nimeona seti za "asilimia 80", yaani za bunduki iliyoachwa nusu ili mnunuzi aimalizie, zinauzwa. Si bado hazihesabiwi kuwa silaha?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara limeandikwa na mtu ambaye tayari ameshatoa pesa. "Asilimia 80" ni maneno ya wauzaji, hayamo kwenye sheria. Tangu 24 Agosti 2022 kanuni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, inaweza kuihesabu seti ambayo ni rahisi kuikamilisha kuwa silaha kamili. Muuzaji wake awe na leseni, iwe na namba, na mnunuzi akaguliwe. Kanuni ilipingwa hadi Mahakama ya Juu, na 26 Machi 2025 majaji 7 kwa 2 wakaiacha isimame. Tena soma ilivyo siku unayonunua, usitegemee video ya miaka mitano iliyopita.

Naweza kukata mtutu uwe mfupi ili bunduki iwe nyepesi porini?

Weka msumeno chini. Mtutu wa raifali ukishuka chini ya inchi 16, au raifali nzima chini ya inchi 26, umeingia kwenye sheria ya mwaka 1934, na kibali hutangulia kazi. Ushuru wa dola 200 kwa bunduki fupi umefutwa kuanzia 1 Januari 2026. Kibali hakijafutwa.

Na kuifanya ipige mfululizo?

Hapana. Mlango huo ulifungwa kwa raia 19 Mei 1986. Msiniandikie tena kuhusu hili.

Rafiki yangu ana karakana yenye mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta. Akiniachia nibonyeze kitufe mwenyewe, si nitakuwa nimeitengeneza mimi?

ATF ililijibu hilo mwaka 2015. Mwenye karakana anayewafungulia wateja mashine zake watengenezee silaha, yeye ndiye mtengenezaji, naye anahitaji leseni. Kitufe hakibadilishi kitu. Msimtie rafiki yenu hatarini kwa ujanja wa maneno.

Nimeunga bunduki yangu ya AR-15 mezani kwa jioni mbili. Naweza sasa kujiita mtengeneza bunduki?

Umeunga vipuri, na kama umeunga vizuri nakupongeza. Vipuri vile vilikatwa na kupimwa kiwandani na watu wengine ili viingiane. Kutengeneza ni pale unapochonga chemba, yaani tundu inamokaa risasi, unapokaza mtutu kwenye risiva, yaani mwili wa chuma wa bunduki, unapoamua chuma kipi kitabeba moto. Nasema hivi kwa sababu mtu akifanikiwa kuunga moja, anadhani ya pili ataichonga.

Na kwa waungaji wote: kama una mtutu wa risasi za 5.56 na mwingine wa risasi za .300 Blackout, usiweke risasi za aina hizo mbili kwenye meza moja. Zinatumia magazini ileile na bolti ileile, yaani chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, na risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba ya 5.56 hadi bolti ikafunga. Ukivuta trigga, kichwa cha risasi kipana kinasukumwa kwenye tundu jembamba, na bunduki inapasukia usoni pako. Imeshatokea, na zaidi ya mara moja.

Nina risiva ya bunduki ya Mauser ya zamani. Nataka kufunga mtutu mpya mwenyewe. Ni kazi kubwa?

Hili ndilo swali lililonifanya nikae kuandika. Risasi ya kuwindia ya .30-06 imewekewa kikomo cha mgandamizo cha pauni 60,000 kwa kila inchi mraba. Tairi la gari dogo hubeba kama 32. Mgandamizo huo unatokea sentimita chache tu kutoka shavuni pako, na kinachouzuia ni chuma usichoweza kuona ndani yake.

Waulize waliotengeneza Springfield ya mwaka 1903, bunduki ya jeshi la Marekani. Kiwanda chao kilikuwa cha serikali. Mafundi wake wazoefu walipima moto wa chuma kwa kutazama rangi yake. Siku ya jua kali rangi ilionekana hafifu, nao wakazidisha moto, chuma kikaungua kikawa kama chupa. Risiva zilipasuka mikononi mwa askari, na hadi leo zenye namba zilizo chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield huonekana hazifai kupigwa. Wewe na tochi yako ya gesi mtapima kwa nini? Usipashe moto risiva, usiichomelee.

Kuna pia nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ganda la risasi linapokomea ndani ya chemba. Hupimwa kwa geji mbili: bolti ifunge kwenye ya kwanza, igome kwenye ya pili. Mzee mmoja aliniletea bunduki aliyojifungia mtutu, akasema inapiga vizuri. Nikamwomba maganda. Kila moja lilikuwa na pete nyembamba inayong'aa, juu kidogo ya kitako chake. Nikachukua waya wenye ncha iliyokunjwa, nikaupitisha ndani ya ganda, ukakwama kwenye mtaro. Lilikuwa limebaki kidogo likatike. Nikampa waya ajaribu mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu.

Uingereza na nchi kadhaa za Ulaya zina nyumba za kukagua mitutu; bunduki hupigwa kwa risasi ya nguvu kupita kawaida na kugongwa muhuri kabla ya kuuzwa. Marekani haina sheria hiyo. Basi lipa fundi mwenye leseni akufungie na kukupimia.

Je, ni nafuu kuliko kununua?

Ukihesabu zana, hapana.

Za plastiki za kuchapisha?

Sitakufundisha. Sheria ya mwaka 1988 inakataza silaha isiyoonekana kwenye mashine za ukaguzi, na plastiki haina huruma ikipasuka.

Basi nianzie wapi, maana napenda kazi ya mikono?

Anza na kitako. Nunua bunduki iliyokamilika, ununue kipande cha mti wa jozi, ukichonge hadi chuma kikae bila mwanya. Ukiharibu, umeharibu ubao. Baada ya hapo tafuta seti ya bunduki ya kushindilia ya baruti nyeusi, inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu, ya mtindo wa Pennsylvania. Sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha ya moto ya kawaida, ingawa majimbo mengine yana yao. Utapiga tupa, utasugua, utajifunza kufuli, yaani mtambo wa kufyatulia, na mtutu. Ila tia baruti nyeusi tu, au mbadala wake ulioruhusiwa na mtengenezaji. Baruti isiyo na moshi usiitie humo hata chembe.