Wangu ni Mambéty wa Senegal
Umeuliza namkubali mwongozaji gani, na kwa nini filamu kubwa za siku hizi zinafanana. Kwangu ni Djibril Diop Mambéty. Itazame Touki Bouki ya 1973: kijana anakatiza Dakar na pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe, mapembe yametanuka juu ya usukani, yeye na mpenzi wake wanasaka nauli ya Paris. Picha ile haikutoki kichwani! Kuhusu filamu kufanana, Hollywood vipaji vipo tele, ila studio zinaogopa kumwaga mamilioni kwenye hadithi isiyojulikana. Mwaka 2024 filamu tatu zilizoongoza kwa mauzo duniani zote zilikuwa mwendelezo. Inaniuma kweli. Ukimaliza Touki Bouki, tafuta na Hyènes yake ya 1992.